Kutoka Nguzo za Isimila hadi Daraja la Mungu

Ndugu msomaji, iwapo umepata kusafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, basi ulipita jirani kabisa na Isimila, hata kama hukuwa na habari. Yawezekana ulikuwa umesinzia, maana abiria wengi wakishaupanda mlima Kitonga huona kuwa kazi ya macho imekwisha. Yawezekana ulikuwa ukitazama filamu katika luninga ya basi. Kilometa 20 hivi baada ya kuiacha Iringa, pembeni mwa barabara kuu, kipo kibao, na kutoka hapo ni mwendo mfupi tu wa njia ya vumbi hadi penye korongo ambalo wataalamu wa mambo ya kale wa dunia nzima wanalijua kwa jina. Sisi wenye nalo twalipita kwa kasi ya basi.

Silaumu mtu. Mimi nimeoa Tukuyu, na kwa miaka yote niliyokwenda kuwasalimu wakwe zangu sikupata hata mara moja kushuka Isimila. Kila mara mizigo ilikuwa mingi, au nauli ilikuwa ya kuhesabu, au basi lilikuwa limechelewa. Hatimaye mwezi wa Desemba mwaka 2022, shule zilipofungwa, tulikubaliana na mama watoto kwamba safari hiyo tuikate vipande viwili, tulale Iringa usiku mmoja, ili kijana wetu wa miaka 10 akaone kwa macho yake kile alichokisoma darasani kuhusu Zama za Mawe. Tulifidia gharama ya malazi kwa kuacha kununua nguo za sikukuu za watu wazima. Kijana tulimwahidi jambo jingine pia, ambalo kwake lilikuwa kubwa kuliko Isimila yenyewe: kwamba wakati wa kurudi tungepanda treni ya TAZARA kutoka Mbeya. Naomba msomaji uikumbuke ahadi hiyo.

Huenda umepata kusikia habari za hifadhi za jangwani. Kusini mwa Algeria, katikati ya Sahara, iko hifadhi ya Ahaggar, ambako volkeno za kale zimeacha majabali meusi yaliyosimama wima juu ya mchanga, na watu hutoka mbali kwenda kuyatazama. Sisi hatuna Sahara. Walakini mtu anayesafiri kutoka Iringa hadi Rungwe hukutana, kwa mwendo wa siku moja, na vitu viwili ambavyo huko Ahaggar vimekaa mahali pamoja: kwanza nguzo za ardhi kavu zilizosimama peke yake, na kisha mawe yaliyozaliwa na moto. Hayo ndiyo niliyokusudia kuyasimulia.

Mwaka huo mvua zilichelewa. Magazeti yalikuwa yamekwisha kuandika jinsi mto Ruaha Mkuu ulivyokauka ndani ya hifadhi, viboko wakabanana katika vidimbwi vya matope. Tulipopita katika bonde la mibuyu, kabla ya kuanza kuupanda mlima Kitonga, ile mibuyu ilisimama mitupu kama iliyong'olewa na kupandikwa kichwa chini. Ilula kulikuwa na vitunguu na nyanya barabarani kama kawaida, walakini vilima vya nyuma yake vilikuwa vyekundu na vya vumbi. Iringa mjini, mji ambao jina lake latokana na neno la Kihehe lenye maana ya ngome, tuliingia jioni, upepo ukiwa mkavu na wa baridi. Asubuhi tulipanda gari dogo liendalo Ifunda, tukashuka penye kibao.

Mwongozaji aliyetupokea alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye fimbo ndefu ya kuonyeshea. “Kamwene,” alituamkia, nasi tukaitika hivyo hivyo, kijana wetu akacheka kwa sababu alidhani ni jina la mtu. Tulilipa kiingilio, tukaandika majina katika kitabu cha wageni, tukatazama kwanza nyumba ndogo ya makumbusho, kisha tukaanza kushuka korongoni.

Jambo la kwanza analoliona mgeni ni kwamba hakuna jambo la kuona. Ni korongo kavu, mchanga mweupe chini, kingo za udongo pande zote mbili, migunga imejikunja juu yake, na jua. Mama watoto alinitazama kwa jicho la mtu aliyeachiwa nguo za sikukuu dukani. Ndipo mwongozaji aliponyosha fimbo yake chini, karibu na miguu yetu, akasema, “Tazameni mnapokanyaga.” Tukatazama. Mawe tuliyodhani ni mawe yalikuwa yamechongwa. Lilikuwapo lililochongoka upande mmoja na kuviringana upande wa pili, mfano wa jani kubwa nene. Lilikuwapo lililokuwa na ukingo mpana ulionyooka, kama wembe wa shoka. Yalikuwapo ya duara. Mengine yalikuwa madogo ya kuenea kiganjani, na mengine makubwa na mazito kiasi cha kumfanya mtu ajiulize ni mkono wa namna gani uliokuwa ukiyanyanyua.

Haya ni mashoka ya mkono, zana za watu walioishi hapa kabla ya mpini kubuniwa. Mwaka 1972 ulichapishwa upimaji wa mifupa iliyofukuliwa Isimila, ukatoa umri wa kiasi cha miaka 260,000. Nambari kama hiyo haina maana kwa mfanyakazi anayehesabu siku za mwisho wa mwezi, kwa hiyo mwongozaji alimfahamisha kijana kwa njia nyingine. Alimwuliza babu yake alizaliwa lini, kisha babu wa babu yake, wakaenda hivyo nyuma hadi kijana akaishiwa na mababu. “Hapo,” alisema, “hatujatoka hata mlangoni.”

Zamani hizo korongo halikuwapo. Hapa palikuwa na ziwa dogo lisilo na kina. Mvua zilikuwa zikikokota mchanga na udongo kutoka vilima vya mawe vya jirani na kuumwaga ziwani, tabaka juu ya tabaka, na wanyama walikuja kunywa maji. Wachimbuzi walikuta mifupa ya kiboko wa aina ambayo imekwisha toweka duniani, ambaye macho yake yalitokeza juu ya kichwa kupita ya viboko wa leo, hata akaweza kuzama karibu mwili wote na bado akaona ukingoni. Walikuta na mifupa ya wanyama wengine. Mifupa ya watu wenyewe hawakuipata. Watu wale wa Isimila hawakutuachia fuvu wala kaburi wala jina. Walituachia mawe waliyoyachonga, na mahali walipoyaacha.

Maneno hayo ya mwisho, “na mahali walipoyaacha”, sikuyazingatia siku ile.

Mwongozaji alitusimulia pia jinsi Isimila ilivyojulikana. Mwaka 1951 kijana mmoja wa Afrika Kusini aitwaye Maclennan, ambaye husimuliwa kuwa alikuwa mwanafunzi wa shule, alikuwa akisafiri kwa gari kutoka Nairobi kwenda Johannesburg. Gari lilisimama, akashuka korongoni, akaona mawe yasiyofanana na mawe mengine, akaokota kadhaa akaenda nayo kwao na kuyaonyesha. Wataalamu wakashtuka. Mnamo mwaka 1957 na 1958 wachimbuzi wakiongozwa na Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago walikuja wakapiga kambi na kuchimba. Kijana wetu alisikiliza habari hii kwa makini kuliko habari ya kiboko. Nilifurahi kuona jinsi alivyosikiliza, nikajisifu moyoni kwamba fedha yetu haikupotea.

Kutoka hapo ulikuwa mwendo wa dakika chache kwenda korongo la pili, na hapo hata mama watoto aliridhika. Nguzo zimesimama toka sakafu ya korongo, nyingine zikipita urefu wa nyumba ya ghorofa, wekundu wa matofali chini, kijivu juu, na mistari ya tabaka ikizunguka kama pete. Baadhi zimekaribiana kiasi cha kupita mtu mmoja kwa ubavu. Nyingine zimevaa juu kofia ya tabaka gumu zaidi, na chini ya kofia hiyo shingo nyembamba. Ukisimama katikati yake hakuna sauti. Joto linatoka juu na linatoka ubavuni. Ndugu zangu mliozoea Kariakoo, hapo mtu husikia moyo wake ukipiga.

Watu wengi hudhani nguzo hizi ni za volkeno, nami nilikuwa mmoja wao. La hasha. Ni ule ule mchanga na udongo wa ziwa la kale, ulioshindiliwa kwa uzito wake. Ziwa lilipokauka, maji ya mvua yalianza kutafuta njia ya kuteremka, yakachimba korongo. Penye tabaka laini yalikula upesi, penye tabaka gumu yalikwama, na chini ya kila kipande kigumu nguzo ikabaki. Kwa hiyo mchongaji ni mvua, katika nchi ambayo mgeni anaiona kuwa haina mvua. Iringa hupata kama theluthi tu ya maji ya Tukuyu, lakini huja kwa miezi michache, huja kwa nguvu, na hukuta ardhi iliyo wazi.

Na mchongaji huyo hajamaliza kazi. Mwongozaji alituonyesha chini ya nguzo moja chungu ya udongo uliobomoka msimu uliopita. Mvua ambayo imefichua zana ndiyo inayozihamisha, na mvua ambayo imezisimamisha nguzo ndiyo itakayoziangusha. Hilo ni jambo la Mungu, halina wa kulaumiwa. Linalochukiza ni jambo la binadamu. Katika nguzo kadhaa, kwa kimo cha mkono wa mtu mzima, yamekwaruzwa majina. Fulani na Fulani. Fulani anampenda Fulani. Nilisoma mwaka, nikasoma majina ya miji, na miongoni mwake ulikuwamo mji ninaokaa mimi. Aliyeandika huko bila shaka alikuwa mtu mwema, mwenye kazi na familia, aliyefurahi siku ile akataka furaha yake ibaki. Udongo ule waweza kukwanguliwa kwa ukucha.

Nami nikiri. Tulipokuwa tukirudi kupitia korongo la kwanza niliinama kufunga kamba ya kiatu, na karibu na kidole changu lilikuwapo jiwe zuri, jembamba, lenye makali bado. Mkono uliniwasha. Niliinuka bila kuligusa, nikajiona shujaa, na kwa sababu nilikuwa nikijitazama mimi, sikumtazama mwanangu.

Kesho yake alfajiri tulipanda basi kuelekea Mbeya. Barabara hii ni ndefu, kilometa zaidi ya 300, lakini haichoshi macho. Mafinga ilikuwa na ukungu juu ya misonobari ya Sao Hill. Makambako tulivuka reli ya TAZARA, na kijana akasimama kitini kuitazama. Kisha nchi ikateremka kwenye tambarare ya Usangu, Chimala, Igurusi, safu za milima zikiandamana nasi upande wa kushoto, mpaka Uyole, ambapo barabara ya Tukuyu na mpaka wa Malawi inachepuka. Hapo ndipo mtu anapobadilisha dunia. Muda si mrefu baada ya Uyole barabara inapanda, hewa inapoa, na kila kitu ni kijani: viazi, migomba, chai, miparachichi. Mvua ilikuwa ikinyesha. Pale hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na wenyeji hawakimbii mvua kama sisi. Hutembea tu.

Usiku ule, katika nyumba ya mama mkwe, mama watoto alipokuwa akitoa nguo za mtoto kwenye begi ili zianikwe jikoni, soksi moja ikadondoka sakafuni kwa kishindo. Ndani yake mlikuwa na jiwe.

Lilikuwa la kuenea kiganjani, nene upande mmoja, limechongoka upande wa pili. Hatukuhitaji kuuliza lilitoka wapi. Nilimwita. Nilipandwa na hasira ambazo, nikizipima leo, nusu yake zilikuwa aibu. Nilimweleza kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda mawe hayo, na kwamba baba yake ni mtu anayeandika gazetini. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akauliza kwa sauti ndogo:

“Baba, si yule mwanafunzi naye aliokota?”

Msomaji, ungejibu nini? Isimila inajulikana kwa sababu mtu alichukua mawe bila kuomba. Mwongozaji ametusimulia kisa hicho kwa fahari, nami nimefurahi mwanangu akisikiliza. Nilisema kwamba yule aliyapeleka kwa wataalamu, nao wakarudi pale pale kuchimba. “Nami ningelionyesha shuleni,” alijibu. Hakuwa mkaidi. Alidhani kweli kwamba ndivyo mambo ya kale yanavyogunduliwa.

Aliyenisaidia ni mama mkwe, ambaye wakati wote alikuwa amelishika jiwe lile akiligeuzageuza karibu na taa. “Hili si jiwe la mtoni,” alisema. “Limechongwa. Lina mwenyewe.”

“Bibi, wenyewe walikufa zamani sana,” kijana alimwambia.

“Basi ni la marehemu,” alijibu bibi. “Ndiyo vibaya zaidi. Lirudisheni.”

Kurudisha maana yake ilikuwa nini, kila mtu mle ndani alielewa kabla sijasema. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, haipiti Iringa. Kutoka Mbeya inapita Makambako kisha inashuka Mlimba na Ifakara. Atakayepanda treni hataiona Isimila. Nilitoka nje nikasimama barazani, mvua ikipiga bati. Nilifikiri kulituma jiwe kwa kifurushi. Nilifikiri kulipeleka katika ofisi yoyote ya serikali hapo Mbeya. Mwisho nilirudi ndani nikamwambia kijana kwamba uamuzi ni wake: treni, nalo jiwe nitalituma mimi, au basi, na jiwe alirudishe yeye mwenyewe. Nilimpa siku mbili. Mama watoto aliniambia faraghani kwamba huo ni mzigo mkubwa kwa mtoto, na mpaka leo sina hakika kwamba alikosea.

Katika siku hizo mbili nilimpeleka kuona Daraja la Mungu. Tulirudi kwa barabara ya Uyole, tukaacha lami, tukapanda bodaboda katika njia ya matope meusi. Udongo wa hapa ni mweusi na mlaini kwa sababu ni zawadi ya moto. Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu meta 3,000, ni volkeno. Wataalamu wanasema kiasi cha miaka 4,000 iliyopita uliripuka kwa nguvu sana, ukamwaga mawe mepesi na majivu juu ya nchi yote hii. Jirani yake, Kyejo, ulitoa lava karibu na mwaka 1800, na habari zake wazee wa Kinyakyusa walirithishana mdomo kwa mdomo. Kwa hiyo kuna ndizi. Mtu anayekula ndizi za Tukuyu sokoni Dar es Salaam anakula, kwa namna fulani, majivu ya Rungwe.

Daraja lenyewe ni tao la jiwe jeusi lililovuka mto Kiwira, limefunikwa na majani na miti kama shamba lililoning'inia, na maji yanapita chini yake yakipiga kelele. Maelezo ni kwamba lava iliyoteremka kutoka mlimani iliufikia mto na kuuvuka. Juu ilipoa ikawa jiwe, na maji chini yakaendelea kudai njia yake mpaka yakaipata. Jirani, katika eneo la chuo cha Magereza, kuna Kijungu, ambapo mto huo huo unatumbukia katika shimo la mwamba lililo mfano wa chungu, ukapotea, kisha ukatokea tena upande wa pili. Huko tulipita upesi, mvua ilikuwa imezidi.

Nilimwambia kijana atazame tofauti. Kule Isimila maji yalikuta udongo, yakajenga nguzo kwa kuuondoa. Hapa yalikuta moto ulioganda, hayakuweza kuuondoa, yakapita chini yake. Alitazama lile daraja kwa muda mrefu. Kisha akainama ukingoni, akaokota kijiwe cheusi chenye vitundu, akakigeuza, akanitazama, akakirudisha chini palepale alipokitoa, akakigeuza tena ili upande wenye tope uwe chini. Sikusema neno. Tukiwa njiani kurudi, amekaa katikati yangu na dereva wa bodaboda, alisema kwa sauti ya kuushinda upepo, “Twende kwa basi.”

Basi liliondoka Mbeya kabla ya mapambazuko. Kituoni tulisikia kwamba usiku mvua imenyesha Iringa, nasi tulifurahi, maana mkulima gani asingefurahi? Tulipofika kwenye kibao cha Isimila na kushuka, ile njia ya vumbi ilikuwa njia ya tope jekundu. Hewa ilinukia ardhi. Migunga ambayo wiki moja kabla ilikuwa ya kijivu ilikuwa imeoshwa.

Mwongozaji alitukumbuka. Kijana alimpa jiwe kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa na bibi yake, akasema, “Shikamoo. Naomba samahani, nililichukua.” Mwongozaji aliitikia, akalipokea, hakumkaripia. Aliligeuza katika mwanga, akamwonyesha kwa ncha ya kidole makovu madogo ukingoni, moja baada ya jingine, kila kovu pigo moja la mkono. “Ni lenyewe,” alisema. Kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelitarajia.

“Uliliokota wapi?”

Kijana alisema, korongoni.

“Korongoni wapi?”

Tulishuka wote watatu, mama watoto akabaki na mizigo. Hapakuwa tena na korongo tulilolijua. Maji yalikuwa yamepita usiku, yamefuta nyayo zote, yametandaza mchanga mpya, yameleta kokoto mahali palipokuwa na mchanga na mchanga mahali palipokuwa na kokoto. Kijana alielekeza kidole chini ya mgunga mmoja. Akasita. Akaelekeza mahali pengine, hatua ishirini mbele. Akarudi kwenye mgunga. Alizunguka hivyo mpaka nikaona machozi yanamlenga, nami nikamwambia basi, inatosha.

Mwongozaji alitueleza kwa upole, akimtazama mtoto na si mimi. Wachimbuzi wanapokuja, alisema, kabla ya kuinua jiwe hata moja huligawa eneo kwa kamba, hupima, huchora mahali pa kila kipande na jinsi kilivyolala. Jiwe likiwa karibu na mfupa, pengine waliokuwa hapo walikuwa wakichinja. Likiwa katikati ya vipande vidogo vidogo, pengine hapo ndipo walipokuwa wakichonga. Likiwa katika tabaka la chini, ni la zamani kuliko la juu. “Jiwe huzungumza pamoja na jirani zake,” alisema. Hili letu halikuwa na jirani tena.

“Hata lile la yule mwanafunzi?” aliuliza kijana.

Mwongozaji alifikiri. “Hata yale,” alijibu. “Lakini yeye hakuwa amekuta mtu wa kumwambia.”

Tulipanda juu. Alilichukua jiwe akaingia nalo ndani, akaliweka juu ya meza, mbali kidogo na mengine, akaandika tarehe katika kipande cha karatasi na kukiweka chini yake. Nilijaribu kulipa kiingilio mara ya pili, akakataa, kisha akakubali, kwa kuwa stakabadhi ni ya serikali.

Kwa mwenye nia ya kwenda, magari madogo ya Ifunda hupita hapo, na ni vema kwenda asubuhi kabla jua halijawa kali, kwa viatu vyenye soli ngumu, pamoja na maji ya kunywa. Watoto waende, lakini washikwe mikono. Kwa Daraja la Mungu chukua koti la mvua, hata ukiambiwa ni kiangazi. Mwenye siku ya ziada aweza kupita Mbozi, ambayo tangu mwaka 2016 imo katika Mkoa wa Songwe, akakione kimondo, donge la chuma lililotoka angani. Sisi fedha ilikuwa imekwisha.

Tulipokuwa tukiaga, mwongozaji alikifungua kitabu cha wageni na kumpa kijana kalamu, akamwambia kuwa ni ziara mpya, yapasa iandikwe upya. Kijana aliandika jina lake, la baba yake na la babu yake, jina la shule, na darasa. Katika safu ya mwisho, mahali pa maoni, alifikiri kwa muda, basi la Dar es Salaam likisikika likipiga honi kwa mbali, kisha akaandika: Nimerudisha.